Njia ya Nyumbu: Habari za Mfereji wa Chesapeake na Ohio

Wasikilizaji, wengi wetu tukisikia neno mfereji twakumbuka maji ya shamba. Watu wa Kilimanjaro wana mifereji yao ya asili, iliyochimbwa na babu zao ili kuyateremsha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba. Na watu wa pwani wamesikia tangu utoto habari za Mfereji wa Suez, upitao meli kubwa za bahari. Mfereji nitakaowasimulieni leo si wa namna hizo mbili. Ni mfereji wa mashua, nao uko Marekani. Mwaka 1924 mashua za mizigo zilikoma kupita humo, na tangu siku hizo haujachukua makaa wala nafaka kwenda sokoni. Walakini kila mwaka watu wengi mno hufika huko, hawa kwa miguu, hawa kwa baiskeli, wakaufuata siku tatu, siku sita, hata majuma mawili. Nataka kuwaelezeni sababu, maana kisa chake ni cha ajabu. Kazi kubwa iliyogharimu mamilioni ilishindwa, na kijia cha wanyama kilichokuwa kando yake, ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa ni kitu, ndicho kilichobaki na faida.

Jina lake ni Mfereji wa Chesapeake na Ohio. Chesapeake ni ghuba kubwa ya bahari upande wa mashariki wa Marekani. Ohio ni mto mkubwa ulio ng'ambo ya milima, uendao magharibi. Basi jina hilo lilikuwa ni ahadi, kwamba mashua itaondoka katika maji ya ghuba, ipande milima, ishuke upande wa pili mpaka Ohio. Ahadi haikutimizwa. Mfereji unaanza Georgetown, mtaa wa zamani katika mji wa Washington, unafuata ukingo wa kaskazini wa Mto Potomac hata mji wa Cumberland ulio miguuni mwa milima, na hapo unakoma. Urefu wake ni maili 184 na nusu, yaani kilometa 297. Kwa kukadiria kwa safari za kwetu, ni mwendo wa kutoka Dar es Salaam hata Morogoro, na nusu ya mwendo huo tena.

Aliyetamani tangu mapema kuufanya mto ule kuwa barabara alikuwa George Washington mwenyewe, kabla hajawa Rais wa kwanza wa nchi ile. Mwaka 1785 kampuni iliundwa, yeye akiwa mkuu wake, ili kusafisha njia ya mashua katika Potomac. Lakini mto haumtii mtu. Wakati wa jua maji hupungua hata mawe yakaonekana. Theluji ikiyeyuka mto hufurika. Na yapata maili 14 juu ya Georgetown kuna maporomoko makubwa ambayo hakuna chombo kiwezacho kuyashuka. Kampuni ile ilichimba vijifereji vya kuyazunguka maporomoko, watu wakavitumia kwa miaka, ila mashua ziliweza kusafiri siku chache tu katika mwaka. Ndipo lilipokuja wazo jingine: mto uachwe kama ulivyo, na kando yake uchimbwe mwingine, usiokuwa na mkondo mkali, ambao maji yake yatapimwa na kufunguliwa kwa amri ya watu.

Siku ya kuanza kazi ilikuwa tarehe 4 Julai 1828, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Rais John Quincy Adams alifika karibu na Georgetown, akapewa sepeto ili achimbe udongo wa kwanza. Sepeto likagonga mzizi. Akajaribu tena, na tena, mzizi haukukubali. Basi Rais akavua koti lake mbele ya watu wote, akakaza mikono, akachimba mpaka udongo ukatoka, na watu wakapiga kelele za furaha. Rais yule alikuwa mtu mkavu, asiyependwa sana na makutano, na nadhani siku ile alishangiliwa kuliko alivyozoea.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Siku ile ile, katika mji wa Baltimore ambao si mbali na hapo, mzee wa miaka 90 aitwaye Charles Carroll alitia jiwe la kwanza la reli ya Baltimore na Ohio. Mzee huyu alikuwa mtu wa mwisho aliyekuwa hai kati ya wale waliotia sahihi hati ya uhuru mwaka 1776. Reli nayo ilikusudia kuvuka milima ile ile, ifike mto ule ule. Hivyo mfereji na mshindani wake walizaliwa siku moja. Waliohudhuria Georgetown hawakujua kwamba mzizi haukuwa kizuizi kikubwa cha siku ile. Kizuizi kikubwa kilikuwa kikizinduliwa Baltimore kwa ngoma na bendera.

Bonde la Potomac mahali pengine ni jembamba sana, mlima huku, mto huku, na katikati nafasi ya njia moja tu. Kampuni mbili zikaenda mahakamani kugombea nafasi hiyo, na mwaka 1832 mfereji ukashinda. Baadaye wakapatana wapite wote bega kwa bega. Wakati wa kesi siku zilipotea, na mfereji ndio uliopata hasara. Garimoshi lilifika Cumberland mwaka 1842. Mashua ya kwanza haikufika huko mpaka mwaka 1850. Waliohesabu gharama hapo mwanzo walisema kwamba kufika Cumberland kutataka dola milioni nne na nusu hivi. Hata kazi ilipokwisha, zilikuwa zimetumika zaidi ya milioni 11. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kusema tena habari za kuvuka milima.

Waliochimba ni nani? Wengi wao walikuwa maskini kutoka Ireland, waliovuka bahari kwa kutafuta kazi. Walitumia sepeto, sururu, toroli na baruti, wakalala katika vibanda vilivyojaa watu. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia katika makambi yao. Mtu alikuwa mzima asubuhi, jioni akazikwa. Wenzake wakaacha vyombo na mishahara yao wakakimbia, na watu wa vijijini hawakutaka kuwapokea kwa kuogopa ugonjwa. Wengi katika waliokufa hawana kaburi lenye jina. Tena mwezi wa Januari 1834, karibu na mji wa Williamsport, makundi mawili ya wachimbaji, kila moja la watu wa upande wake wa Ireland, yalipigana kwa sababu ya kazi kuwa haba na mishahara kutokuwa na hakika. Watu waliuawa. Rais Andrew Jackson akapeleka askari, na inasemwa kuwa hii ndiyo mara ya kwanza kwa Rais wa Marekani kupeleka askari wa serikali kuu katika ugomvi wa wafanya kazi. Mpita njia wa leo, aonapo maji yametulia na kasa wanaota jua juu ya magogo, hawezi kuyafikiri haya asipoambiwa.

Labda mtu aliyezoea mito atauliza: Maji huwezaje kupanda? Kwa hakika maji hayapandi. Ni mashua ndiyo ipandayo. Kutoka Georgetown hata Cumberland nchi huinuka futi 605. Wajenzi waliyakata maji kama ngazi, na kila kidato cha ngazi ni chumba cha mawe kilichojengwa ndani ya mfereji, chenye milango mikubwa ya mbao huku na huku. Chumba kimoja kina urefu wa futi 100 hivi na upana wa futi 15. Mashua ikija kutoka chini, mlango wa chini hufunguliwa, ikaingia. Mlango hufungwa nyuma yake. Kisha mlinzi hufungua vijilango vidogo vilivyo katika mlango wa juu, maji ya juu yakaingia pole pole, na mashua ikainuka nayo, futi nane hivi, hata ikawa sawa na maji ya mbele. Hapo mlango wa juu hufunguliwa nayo ikaendelea. Ikishuka hufanywa kinyume chake. Hapana mashine, hapana moto. Ni uzito wa maji na nguvu ya mtu mmoja anayesukuma mti mrefu ulioshikamana na mlango. Vyumba vya namna hii vilikuwa 74. Mashua zenyewe zilikuwa na upana wa futi 14 na nusu, maana yake kila upande ilibaki nafasi ya inchi tatu tu, na nahodha aliyegonga ukuta alisikia maneno makali ya mlinzi.

Kila mlinzi alipewa nyumba ndogo kando ya chumba chake, na bustani ya kulima mboga. Hakuwa na saa za kazi. Nahodha alipiga baragumu kutoka mbali, na ikiwa ni usiku wa manane mlinzi huamka, akatoka na taa yake kufungua milango. Nyumba nyingi za walinzi hawa zingali zimesimama.

Na mashua ilivutwa na nini? Na nyumbu. Siwataji nyumbu wa porini wale wa Serengeti. Nawataja wa kufugwa, wazao wa punda dume na farasi jike. Walipenda nyumbu kuliko farasi kwa kuwa nyumbu ni mvumilivu, hali sana, tena hanywi maji mabaya. Kando ya mfereji, kati yake na mto, ilitengenezwa njia ya udongo, pana kiasi cha futi 12 hivi, na humo nyumbu wawili au watatu walitembea wakivuta mashua kwa kamba ndefu. Juu ya maji nyumbu hao wachache waliweza kuvuta zaidi ya tani 100 za makaa ya mawe, mzigo ambao barabarani ungalitaka magari mengi na wanyama wengi. Wakichoka baada ya saa sita, walipandishwa katika zizi lililokuwa mbele ya mashua hiyo hiyo, wakala na kupumzika huku wenzao wakishika zamu. Safari ya kushuka kutoka Cumberland ilichukua siku tano mpaka saba.

Mara nyingi aliyewaongoza nyumbu alikuwa mtoto wa nahodha, mvulana au msichana, akitembea maili nyingi kwa siku katika jua na mvua. Jamaa nzima walikaa ndani ya mashua tangu majira ya kuchipua mpaka barafu ya Desemba ilipoyafunga maji. Mama alipika humo, akafua humo, na wengine walizaliwa humo. Watoto wadogo walifungwa kamba kiunoni wasitumbukie majini. Shule walihudhuria wakati wa baridi tu, mfereji ulipofungwa, na wengi hawakupata kusoma zaidi ya kuandika majina yao. Yafaa tukumbuke hili tunapoisifu njia ile kwa uzuri wake. Wa kwanza kuizoea kwa miguu walikuwa watoto waliotembea kwa kazi.

Kazi ya mawe iliyo bora kuliko zote ni yale madaraja 11 ya kuchukua maji. Kila mto mdogo uingiapo Potomac kutoka kaskazini, mfereji ulipaswa kupita juu yake, nao ukapitishwa katika daraja lililo kama birika refu la mawe, mashua ikipita juu na mto ukipita chini. Kubwa lao ni lile la Mto Monocacy, lenye matao saba, lililomalizika mwaka 1833. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Potomac ulikuwa mpaka kati ya majeshi ya kaskazini na ya kusini, na makaa ya Washington yalipita mfereji huu. Mwezi wa Septemba 1862 askari wa kusini walikuja kulivunja daraja hilo kwa baruti. Wakajaribu kutoboa mawe ili waitie baruti ndani, lakini jiwe lilikuwa gumu na vyuma vyao vikawa butu, wakaliacha wakaenda zao. Limesimama hata leo, baada ya matengenezo makubwa yaliyokwisha mwaka 2005, na mtu hupita juu yake na baiskeli yake.

Lakini mahali ambapo wasafiri hupataja kwanza ni tundu la Paw Paw. (Paw Paw ni jina la tunda la mwituni la huko, si papai letu, ingawa majina yamefanana.) Kufika hapo Potomac unajipinda-pinda kama nyoka kwa maili sita hivi, na kingo zake ni majabali. Wahandisi wakaona heri kuukata mlima wenyewe. Kazi ilianza mwaka 1836, na ahadi ilikuwa miaka miwili. Jiwe lake lilikuwa la tabaka laini lenye kuanguka ovyo. Fedha zikaisha, wafanya kazi wasiolipwa wakagoma na kupigana, mwenye mkataba akafilisika. Lilimalizika mwaka 1850, baada ya miaka 14. Urefu wake ni futi 3,118, na ndani limejengwa kwa matofali yapata milioni sita ili mlima usianguke. Nafasi ya humo yatosha mashua moja tu. Husimuliwa kwamba manahodha wawili walikutana katikati, kila mmoja akakataa kurudi nyuma, wakakaa siku kadhaa wakinuniana, na mashua nyingine zikijazana huku na huku. Mpaka msimamizi akawasha moto wa mabua mabichi upande upepo utokako, na moshi ukawatoa wote wawili. Sijui hadithi nyingine ielezayo vizuri kuliko hiyo ubishi wa mabaharia wa maji matamu.

Katika miaka ya baada ya 1870 mfereji ulipata neema yake. Mashua zaidi ya 500 zilikuwa zikipanda na kushuka, na mwaka 1875 zilichukua zaidi ya tani 900,000 za mizigo, karibu yote makaa ya mawe. Haikudumu. Mwishoni mwa Mei 1889 gharika kubwa ilishuka mabondeni, ikabomoa kuta na kusomba mashua na nyumba. Kampuni haikuwa na fedha za kujenga tena, na mkopeshaji mkubwa aliyejitokeza kuushika mfereji alikuwa nani? Ile reli ya Baltimore na Ohio. Mshindani akawa msimamizi. Akautengeneza kwa kiasi, akauendesha bila haraka, na mafuriko ya mwaka 1924 yalipoubomoa tena, aliona hapana sababu ya kuutengeneza. Nyumbu wakauzwa. Mashua zikaachwa zikae matopeni mpaka zikaoza, na miti ikaota pale palipopita maji.

Mwaka 1938 serikali ya Marekani iliununua mfereji wote kwa dola milioni mbili. Siku zile kazi zilikuwa haba nchini, na serikali ilikuwa na vikosi vya vijana wasio na kazi vya kutengeneza misitu na bustani. Maili 22 za chini, karibu na Washington, zilifanyiwa kazi na vijana Wamarekani weusi, waliowekwa katika makambi ya peke yao kwa kuwa vikosi vile vilibagua watu kwa rangi. Walijenga upya kuta, wakatia milango mipya, wakaisawazisha njia ya nyumbu. Kwa hiyo anayetembea leo maili zile za kwanza, zilizo nzuri kuliko nyingine, anatembea juu ya kazi ya mikono yao.

Hata hivyo mfereji ulikuwa karibu kuzikwa. Baada ya vita kuu ya pili motokaa ziliongezeka sana, na wakuu wakafanya shauri la kujenga barabara ya motokaa juu ya mfereji na njia yake, ili watu wa mjini wapate kwenda kutazama bonde wakiwa ndani ya magari. Tarehe 3 Januari 1954 gazeti la Washington Post liliunga mkono shauri hilo. Hakika halikuwa shauri la kipumbavu. Mfereji ulikuwa umekufa, ardhi ilikuwa ya serikali, na barabara ni kitu cha faida. Kila mtu aliyeuona mfereji kwa ramani tu angalikubali.

Mjini Washington alikuwako mtu aliyeujua kwa miguu. Alikuwa William O. Douglas, mmoja wa majaji tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani, mtu wa miaka 55, aliyezoea kutembea katika njia ya nyumbu siku za mapumziko. Akaliandikia gazeti barua. Hakubishana sana kwa hesabu. Alimwalika mhariri aje watembee pamoja mfereji wote, maili zote 184 na nusu, kisha aandike tena. Wahariri wawili, Robert Estabrook na Merlo Pusey, wakakubali. Na hapa ndipo ninapowaheshimu watu wa gazeti. Maana ni rahisi kuitupa barua ya namna hiyo kikapuni.

Tarehe 20 Machi 1954 waliondoka Cumberland, pamoja na watu wa elimu ya ndege na miti, na wapenzi wa kutembea. Jaji alikwenda kwa hatua ndefu za haraka, na wengi wakabaki nyuma na malengelenge miguuni. Watu wa vijijini walitoka kuwatazama, habari zao zikaandikwa magazetini nchi nzima kila siku. Walifika Washington tarehe 27 Machi, na sehemu ya mwisho walipokewa kwa mashua iliyovutwa na nyumbu. Katika wote walioanza, tisa tu ndio waliomaliza njia nzima. Wahariri waliandika tena kama walivyoahidi, nao hawakushikilia lile la kwanza: walisema sehemu nyingi za mfereji ziachwe zilivyo. Barabara haikujengwa. Mwaka 1961 Rais Eisenhower aliutangaza mfereji kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 1971 ulifanywa hifadhi ya taifa ya historia, kutoka mwanzo wake hata mwisho.

Haya, na tuone safari ilivyo sasa. Nguzo za maili zinahesabu kutoka Georgetown. Mwenye baiskeli akiondoka hapo huona kwamba njia ni tambarare kabisa, kisha hufika penye chumba cha mawe, na kando yake hukuta kilima kifupi, futi nane hivi. Hukanyaga kwa nguvu kidogo, akafika uwanda mwingine. Hivyo miguu yake yaihesabu ile ngazi ya zamani bila kusoma kitabu. Njia ni ya udongo na changarawe. Mvua ikinyesha matope hurukia mgongoni, na mizizi ya miti hutikisa gurudumu. Wenye haraka humaliza kwa siku tatu. Wengi huchukua tano au sita. Waendao kwa miguu hukaribia majuma mawili. Kila baada ya maili chache pana mahali pa kupiga hema, pamoja na bomba la kuvuta maji kwa mkono, na baadhi ya nyumba za walinzi hukodishwa kwa usiku mmoja. Sheria yasema mwenye baiskeli ampishe aendaye kwa miguu, na wote wawili wampishe nyumbu. Sheria hiyo ya mwisho nimeipenda.

Karibu na maili ya 14 husikika kishindo cha maporomoko yaliyomshinda George Washington. Katika maili ya 42 pana daraja la Monocacy. Katika maili ya 60, ng'ambo ya mto, unaonekana mji wa Harpers Ferry, ambako mwaka 1859 John Brown alijaribu kuwatoa watumwa utumwani kwa silaha, akashikwa na kunyongwa. Kwenye maili ya 100 hivi, mjini Williamsport, maji yamerudishwa katika daraja la Conococheague tangu mwaka 2019, na mashua ya wageni hupita juu yake, jambo ambalo halijaonekana kwingine nchini humo katika siku za karibu. Kisha vijiji hupungua, msitu hufunga pande mbili, na kulungu husimama njiani. Katika maili ya 155 mtu hushuka katika baiskeli, huwasha taa, akaingia tundu la Paw Paw akiikokota. Ndani ni baridi, matone yanaanguka, na mkono ukipapasa kinguo cha mbao kando ya njia huona vijia vilivyolika. Ni kamba za mashua zilizosugua hapo miaka mingi.

Katika Cumberland mfereji unakoma, lakini njia haikomi tena. Mwaka 2013 ilikamilika njia nyingine ya miguu na baiskeli, yenye maili 150, itokayo hapo, ikapanda milima hata urefu wa futi zaidi ya 2,300, ikashuka mpaka mji wa Pittsburgh. Wahandisi wa mfereji mwaka 1826 walikuwa wamekadiria kwamba milima hiyo ingetaka tundu la maili nne hivi na mamia ya vyumba vya maji. Wenye baiskeli wamepitishwa kwa urahisi zaidi, kwa maana sehemu kubwa ya njia hiyo imewekwa juu ya tuta la reli zilizokufa. Si ile ya Baltimore na Ohio. Garimoshi za mizigo zingali zikipita katika tuta lake bondeni, na mtu aliyelala hemani kando ya mfereji huzisikia usiku kucha. Ni reli za washindani wake, nazo ziliachwa kama mfereji ulivyoachwa.

Pittsburgh ni mahali ikutanapo mito miwili, Allegheny na Monongahela, na baada ya kukutana huitwa Ohio. Pana uwanja wa majani katika pembe yao, na wenye baiskeli walioondoka Georgetown hufika hapo, maili 334 na zaidi, wakaegemeza baiskeli zao na kunawa matope.